Kiraka wa Tunduru

"Kiraka, jamani! Kiraka!"

Kocha Pankrasi alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono hewani kama anayefukuza kunguru.

"Mnajua maana ya mchezaji kiraka? Mweke besi ya kwanza, anacheza. Mweke nyuma kabisa kule kwenye migomba, anadaka. Mrushaji akiumia, anarusha. Anapiga kwa kulia, anapiga kwa kushoto. Tukimpata Daimu, tumepata watu watano ndani ya suruali moja!"

"Hiyo suruali itakuwa inabana," alisema Bibi Skolastika.

Waliokaa chini wakacheka. Ilikuwa Ijumaa alasiri, mwezi wa saba, baridi imeanza kushuka kutoka msituni, na timu nzima ya besiboli ya Matogoro ilikuwa imekaa na masweta yake kwenye shamba la maharage la Bibi Skolastika Komba. Maharage yalishavunwa. Tangu mavuno mpaka mvua za kwanza shamba lile huwa uwanja, na kwa kuwa shamba ni lake, yeye ndiye mwenyekiti. Hakuna aliyempigia kura. Siku ya kwanza alileta kigoda chake akakaa, na walipofikia kuchagua uongozi wakaona kiti kimeshapata mtu.

Mchezo wenyewe aliujua kwa kuutazama. Mwanzoni majina yalimpa tabu. Kocha alipotangaza kuwa timu inahitaji bati, aliwaletea vipande viwili vya bati vilivyobaki alipoezeka banda la nguruwe, akashangaa wanavyotazamana. Wakaona heri waite gongo. Basi jioni moja Suzana, nahodha, akapaza sauti toka ng'ambo ya shamba, "Bibi, gongo liko wapi? Watu wanalisubiri!" Kesho yake mjumbe wa mtaa akaja na mgambo wawili kupekua jikoni. Hawakukuta kitu. Na wasingekuta, maana hawakuangalia nyuma ya kuni. Tangu siku hiyo kile kifaa cha kupigia mpira kinaitwa mpini, na kila mtu ana amani.

Sasa, haja ya kiraka ilikuwepo, hilo halikuwa na ubishi. Mwaka jana Matogoro walitolewa kwenye ligi na kifundo cha mguu. Si timu, kifundo. Walikuwa tisa kamili, mmoja akateguka akishuka kwenye bodaboda asubuhi ya mechi, wakabaki wanane, na sheria inataka tisa. Wapinzani wakapewa ushindi pasipo mpira hata mmoja kurushwa. Bibi Skolastika, aliyekuwa ameshapika masufuria mawili ya makande ya ushindi, aliwalisha watu kwa hasira. Na mwaka huu walikuwa tisa tena, wala hakuna wa kumi.

Ndipo akatokea Daimu. Kijana wa Kiyao, fundi simu, ametoka Tunduru miezi miwili iliyopita na kuweka meza yake Lizaboni, kule mjini. Kila Jumapili alipanda Matogoro kufanya mazoezi nao, na alichokigusa kilikubali. Tatizo ni kwamba jina lake lilikuwa bado kwenye daftari la timu ya Tunduru, na bila mwenyekiti wa Tunduru kumwachia kwa sahihi, haruhusiwi kuchezea Matogoro hata dakika moja. Dirisha la usajili linafungwa kesho Jumamosi, saa sita mchana.

"Tumwulizeni basi Bibi bei aliyotajiwa," alisema Suzana, akimtazama mwenyekiti kwa jicho la pembeni. "Arudie, kila mtu asikie."

Bibi Skolastika akakohoa kidogo. Akarekebisha kitenge. Akatazama mlima kana kwamba ndio kwanza ameuona.

Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa la mdomo wake. Jumapili iliyopita, kwa furaha ya kumwona Daimu akidaka mpira huku akianguka, alichukua simu akamtumia sauti Mwamvua, mwenyekiti wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho, mama wa rika lake. Alisema hivi, tena kwa madaha: "Mtani wangu Mwamvua, niachie huyo Daimu, halafu uchukue chochote ukitakacho hapa Matogoro. Chochote!" Moyoni alifikiria mbuzi. Akizidi sana, mbuzi na jogoo.

Jibu la Mwamvua lilikuwa fupi: "Nimesikia, mtani. Namtaka Calvin."

Calvin alikuwa mrushaji wao. Alikuwa pia mjukuu wa Bibi Skolastika, aliyekaa naye tangu akiwa wa kunyonya, na yeye, kama mabibi wote, alimwita mume wangu. Mkono ule wa kurusha haukufundishwa na kocha. Ulifundishwa na ngedere waliokuwa wakishuka Mlima Matogoro kula mahindi. Kwa miaka kumi Calvin aliwatupia mawe, na mwishowe ngedere walianza kumheshimu. Tunduru walitaka akakae huko msimu mzima, mpaka mwezi wa kumi, na Mwamvua alishamwandalia chumba na kazi ghalani.

"Mimi nasema abaki," Suzana aliendelea. "Kocha anasema Daimu anacheza kila mahali. Sawa. Lakini siku moja anacheza mahali pamoja! Au atakuwa anakimbia huku anarusha, huku anadaka alichorusha mwenyewe?"

"Suzana, wewe husikilizi," alisema Pankrasi. "Calvin akiumwa bega, una nini?"

"Na Calvin akienda Tunduru, nina nini?"

"Una Daimu, anarusha."

"Anarusha kama mtu anayerusha taka jalalani!"

"Calvin yeye je, anapiga? Msimu uliopita aligusa mpira mara nne. Nne! Mimi nina daftari."

Kila mtu akaanza kusema wakati mmoja. Mmoja akasema hata timu kubwa za mpira wa miguu zinanunua viraka, mwingine akasema ndiyo, lakini haziuzi golikipa. Mmoja akasema Tunduru ni mbali, mwingine akasema siku hizi lami ipo, unakunywa chai hapa unakula chakula cha mchana kule. Bibi Skolastika aliinua mkono. Kelele zikapungua.

"Mimi nimesoma darasa la saba tu," alisema, "lakini kiraka nakijua, nimeshona vingi. Kiraka kinawekwa penye tundu. Kocha, tundu letu liko matakoni, huko nyuma ambako tunakosa mtu wa akiba. Sasa wewe unataka tukate kitambaa kifuani, tushone matakoni. Tutakwenda kanisani hivyo?"

Walicheka mpaka Pankrasi akashuka kwenye ndoo. Lakini hakukubali.

"Mama Mwenyekiti, kwa heshima zote. Kifua bila matako nacho kinaaibisha. Mwaka jana kifua tulikuwa nacho. Tulienda wapi?"

Bibi Skolastika akasema basi mikono ihesabiwe.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Wanne wakasema wabadilishane, wanne wakasema wasibadilishane. Calvin hakunyoosha mkono. Alikuwa amekaa mwisho kabisa, anashona glovu yake kwa uzi wa nailoni, na alipoulizwa alisema tu, "Mkisema niende, nitaenda."

Wote wakageuka kumtazama mwenyekiti.

"Mwenyekiti anafikiri," alisema Bibi Skolastika, akanyanyua kigoda chake. "Mtapata jibu kesho Tunduru wakifika. Nendeni mkaoge, mnanuka ushindi wa mwaka jana."

Jua lilipokuwa linazama alimkuta Calvin akipasua kuni.

"Mume wangu. Unataka kwenda Tunduru?"

Calvin aliendelea kupasua. "Sitaki, Bibi."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema sitaki, na tukitolewa tena kwa kukosa mtu, watasema Calvin alitunyima kikombe kwa sababu ya ugali wa bibi yake. Nitaishije nao?" Akaweka shoka chini. "Halafu wewe ndiye uliyesema chochote. Mama Mwamvua ameisambaza ile sauti. Hata kule Lusewa wanaisikiliza."

"Sauti ilitoka vizuri?"

"Bibi!"

"Nauliza tu."

Lakini usingizi haukumjia upesi. Kikombe alikitaka, alikitaka kama mtoto anavyotaka sukari. Daimu alimtaka. Na yule mume wake wa kupasua kuni hakuwa tayari kumtoa kwa mtu yeyote. Alivitaka vyote vitatu bila kutoa hata kimoja, na alfajiri, alipokuwa akipuliza moto, akacheka peke yake mpaka majivu yakamwingia machoni. Alikuwa ameona njia.

Jumamosi saa tano kasorobo basi dogo la Tunduru lilipanda kilima likipiga honi. Walikuja kwa mechi ya kirafiki na kwa mambo ya usajili yote kwa pamoja. Watu wa Matogoro walijaa pembeni ya shamba. Akina mama wakaleta maandazi, na kila mtu alikuwa na neno lake kuhusu Calvin na Daimu, hata wale waliodhani besiboli ni aina ya sabuni. Daimu mwenyewe alikuja kwa miguu kutoka Lizaboni, akasimama katikati ya timu mbili, hajui aweke begi lake upande gani.

Mwamvua alishuka kwenye basi kwa utaratibu, buibui lake linang'aa, miwani ya jua usoni, na nyuma yake harufu ya udi.

"Assalaam aleikum, Matogoro! Yuko wapi yule mama wa chochote?"

Watu wakapiga kelele za furaha. Bibi Skolastika alimwendea mikono wazi.

"Karibu, mtani. Umefika mzima? Nilidhani umepitia kwenye ngoma njiani, ukasahau safari."

"Nilipita, wakaniambia Wangoni wameshapita, hakuna panya hata mmoja aliyebaki."

Wakakumbatiana huku wanacheka. Wangoni na Wayao ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana, na utani huo hauna mipaka mingi. Mtani anakutukana, unacheka. Mtani anaingia jikoni kwako, anakula mboga, unacheka. Na kubwa zaidi, mtani ana haki ya kuchukua. Akishika kitu chako na kusema hiki changu, huruhusiwi kununa wala kupeleka kesi popote. Ukikitaka, unakikomboa kwa lile atakalokutajia.

Refa Tadei, ambaye ndiye pia katibu wa ligi, alikwishakaa mezani na daftari la usajili. "Akina mama, muda unakwenda. Mmekubaliana? Daimu kwa Calvin?"

Pankrasi akasogea mezani. Suzana akafumba macho.

"Hatukubaliani," alisema Bibi Skolastika. "Matogoro hatubadilishani watu kama madebe." Akavua kitenge cha mabegani, akamrushia Daimu shingoni, akakaza ncha mbili kama anayefunga mbuzi. "Huyu wangu! Nimemchukua! Mtani kachukua!"

Uwanja ulilipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, Pankrasi akaruka mpaka kofia ikamtoka. Daimu, kitenge shingoni, alicheka kwa aibu huku akisema, "Bibi, mimi si mbuzi jamani," na Bibi akamjibu, "Nyamaza, mbuzi hasemi." Hata Tadei alificha mdomo kwa daftari. Mchezaji amepatikana, Calvin yupo, na hakuna sheria ya ligi iliyovunjwa, kwa sababu hakuna aliyeiandika sheria ya watani.

Mwamvua alicheka zaidi ya wote. Alicheka akavua miwani, akafuta machozi, akaivaa tena.

"Mtani, umeniweza. Wallahi umeniweza." Halafu, kwa mwendo uleule wa utaratibu, akaenda mpaka alipokaa Calvin, akachukua glovu yake, akachukua begi lake, akamshika kiwiko. "Na huyu wangu. Mtani kachukua."

Kabla watu hawajaelewa, Calvin alikuwa ameshapandishwa kwenye basi na kukalishwa dirishani, na wachezaji wawili wa Tunduru wamekaa mlangoni.

Bibi Skolastika akalikimbilia basi. Usiku mzima alifikiria haki ya mtani kuchukua, na hakufikiria hata mara moja kwamba mtani ni watu wawili.

"Mwamvua! Huyo ni mume wangu!"

"Nimeona. Ana meno mazuri."

"Mrudishe!"

"Unanuna, mtani?" Mwamvua aliwageukia watu. "Jamani, Matogoro, mama yenu ananuna?"

Hakuweza kununa. Ilibidi acheke, akacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Suzana alimnong'oneza sikioni, "Bibi, sasa ndiyo tumebadilishana kabisa, tena bila sahihi." Saa ya Tadei ilisema saa tano na robo.

"Nitamkomboa," alisema Bibi Skolastika. "Taja. Mbuzi?"

"Mbuzi ninao."

"Maharage? Gunia zima."

"Mimi nile maharage yenu nianze kuongea Kingoni?" Mwamvua alitazama huku na huku, akaona mpini umelala kwenye majani, na uso wake ukang'aa. "Umkomboe mwenyewe. Shika huo mpini, Daimu arushe. Ukifika besi ya kwanza, Calvin anashuka. Usipofika, nimeondoka naye, na Tadei anaandika."

Kelele zilizopanda hapo, hata walioko chini barabarani waliacha walichokuwa wanafanya. Bibi wa miaka sabini na moja ashike mpini! Watu walikimbilia nafasi za mbele, watoto wakapanda juu ya basi.

"Mama, mimi siwezi kumrushia mzee," alisema Daimu.

"Utarusha, tena kweli. Bado jina lako liko kwangu. Ukimwonea huruma nitajua."

Daimu akauokota mpira. "Inshallah nitarusha kweli. Bibi, nisamehe."

"Usiombe msamaha, mwanangu, ukaharibu mkono."

Bibi Skolastika alivua koti, akamvua Daimu kile kitenge cha shingoni, akakifunga kiunoni, cha pili juu ya cha kwanza. Akaushika mpini kama anayetaka kutwanga.

"Bibi, bega la kushoto mbele," Suzana alielekeza.

"La kushoto lina baridi yabisi."

"Basi la kulia."

"Hilo ndilo zima, nalitunza."

Tadei alisimama nyuma ya mdakaji, akatangaza ili wote wasikie: mpira mzuri ukimpita, au akiukosa, ni straiki, straiki tatu, ametoka. Mpira mbaya, wa juu sana au wa pembeni, ni boli. Boli nne, anatembea mpaka besi ya kwanza bila bughudha.

Daimu akarusha. Mpira ulipita na upepo wake, ukalia paa! kwenye glovu ya mdakaji. Bibi hakuwa hata ameona ulikotokea.

"Straiki!"

Wa pili aliungoja kwa hasira. Alifumba macho, akazungusha mpini kwa nguvu zote za Wangoni, akazunguka nao yeye mwenyewe mzima mzima, kilemba kikaruka upande wake na kiatu upande wake.

"Straiki mbili!"

Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Bibi Skolastika alirudisha kilemba kichwani, akaokota kiatu, na alipoinuka akamwona Calvin dirishani. Calvin hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, na midomo yake ilisema neno moja bila sauti: usipige.

Usipige. Bibi akavaa kiatu polepole, apate muda. Calvin anaporusha unaweza kumtukania ukoo mzima na hasikii. Ngedere walimkaripia miaka kumi, masikio yake yalishazoea. Lakini Daimu alikuwa fundi wa kila mahali, na mtu wa kila mahali masikio yake nayo yako kila mahali. Akasimama tena, mpini begani, akautuliza kama mzigo wa kuni.

"Daimu, mwanangu. Kabla hujarusha. Ni kweli kwamba ulipokuwa jandoni ulilia mpaka ngariba naye akalia?"

Wachezaji wa Tunduru walikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Mpira ukapaa juu ya kilemba.

"Boli!"

"Bibi," alijibu Daimu, akijipangusa mkono kwenye suruali, "si nyinyi ambao panya akikatiza kanisani padri anasimamisha misa?"

"Alisimamisha, tukamkamata, tukamla, tukaendelea na sadaka. Rusha!"

Daimu alirusha huku bado anacheka. Mpira ukaenda kwa mdakaji kwa kupitia nchi nyingine.

"Boli mbili!"

"Usimsikilize!" Mwamvua alipiga kelele. "Daimu, ziba masikio!"

"Akiziba masikio atarusha na nini?" Bibi aliuliza. "Au ndiyo hayo mambo ya kucheza kila mahali, anarusha na miguu?"

"Boli tatu!"

Kicheko kikakatika ghafla. Straiki mbili, boli tatu. Mpira mmoja ungeamua. Pankrasi alikuwa amechuchumaa, ameficha uso kwenye kofia. Daimu alivuta pumzi mara mbili, akatazama chini, akaufinya mpira. Safari hii uso wake ulikuwa wa kazi, na Bibi Skolastika aliona kwamba jando na panya havitamfikia tena huko alikokuwa. Akamwacha ainue mkono. Akamwacha anyanyue mguu. Ndipo akasema, taratibu, kwa sauti ya mteja:

"Fundi. Ile simu yangu ya Jumanne, ulibakiza skrubu mbili mezani."

"Skrubu zipi?" alisema Daimu, na mpira ukamtoka.

Ulikuja ndani, karibu na nyonga. Bibi hakuruka, maana kuruka aliacha zamani. Ukagusa fundo la kile kitenge cha pili, ukaanguka miguuni pake, ukalala.

Vichwa vyote vikamgeukia Tadei.

"Umemgusa!" Suzana alipayuka. "Refa, umemgusa, mpigaji akiguswa anapewa besi!"

"Umegusa nguo!" alisema Mwamvua. "Nguo si mtu!"

Tadei alitoa kijitabu cha sheria mfukoni, akalamba kidole, akafunua, akasoma, akafunua tena. Watu wote walimzunguka, wa Tunduru na wa Matogoro, vichwa vikigongana.

"Nguo aliyovaa mpigaji ni sehemu ya mwili wake," alisema hatimaye. "Lakini hapa pana swali. Bibi, ulisogea makusudi?"

"Baba Tadei, kwa umri huu nisogee niende wapi?"

Tadei alifunga kijitabu. "Amepigwa. Aende besi ya kwanza."

Bibi Skolastika aliuweka mpini chini kwa adabu, akatembea. Hakukimbia, aliwapungia watu mkono kulia na kushoto kama bibi harusi, na alipokanyaga lile gunia lililojazwa pumba ambalo ndilo besi ya kwanza, vigelegele vilienda mpaka msituni. Calvin aliruka kupitia dirishani, hakungoja mlango.

Mwamvua alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, buibui na yote, anacheka bila sauti, mabega yanatikisika tu.

"Lete daftari," alimwambia Tadei, akisaini. "Nasaini haraka kabla kicheko hakijaniisha. Lakini msimu wa korosho Daimu anakuja kwetu, mama yake anamhitaji. Na wewe mtani, mimi nimebaki na nini?"

"Umebaki na gunia la maharage," Bibi Skolastika alipaza sauti toka besi ya kwanza. "Nilisema nitatoa, nitatoa. Ukianza kuongea Kingoni usinilaumu."

"Na simu?" Daimu alikuwa amemfuata, uso una wasiwasi kwelikweli. "Bibi, simu yako hizo skrubu..."

"Simu yangu nzima kabisa, mwanangu. Sema karibu Matogoro."

Ikabidi sasa mechi ianze, saa sita inakaribia na jua limeshatoa watu masweta. Pankrasi alitembea mbio huku na huku na daftari lake, ana watu kumi, hajui wa kumi amweke wapi kwa raha aliyokuwa nayo. "Bibi, shuka kwenye besi, tuanze."

"Nani ashuke? Nimefika hapa kwa haki."

"Bibi, ile ilikuwa ukombozi. Hii ni mechi."

"Refa, andika. Mimi nimo. Anayefuata kupiga ni nani?"

Tadei alikifungua tena kijitabu chake, akakipekua mpaka jalada la mwisho, asione mahali panapozuia. Anayefuata alikuwa Calvin, yule wa kugusa mpira mara nne kwa msimu. Alishika mpini. Mrushaji wa Tunduru akarusha, na Calvin, sijui ni furaha, sijui ni hasira za dirishani, akaupiga. Mlio wake ulikuwa kama ubao unaopasuka. Mpira ulipaa juu ya vichwa vyote, ukaingia kwenye migomba, na wachezaji wawili wa Tunduru wakaufuata humo wasionekane tena.

"Kimbia, Bibi!" Matogoro nzima ilisema kwa mdomo mmoja.

Akavikusanya vitenge vyote viwili kwa mikono miwili, akakimbia. Kiatu kimoja kikabaki besi ya kwanza, cha pili kikabaki njiani. Besi ya pili akaikanyaga na kuitukana. Nyuma yake Calvin alikuwa anakuja, anapiga kelele, "Bibi, usisimame, nakukaribia, usisimame!" na Mwamvua alikuwa ameinuka, anaruka juu kama msichana, anawaamrisha wachezaji wake, "Mkamateni mtani! Mkamateni!" nao hawana mpira wala nguvu za miguu kwa kucheka. Kwenye besi ya tatu, hatua ya mwisho kabla ya pointi, Kocha Pankrasi, akihofia moyo wa mwenyekiti wake, alisimama katikati ya njia, akanyoosha mikono yote miwili kumzuia.

Bibi Skolastika akampiga kikumbo, akaendelea.